Hakuwa Ameshindwa

Kwenye sataranji kuna hatua moja ambayo haina mraba. Huiandiki kwa herufi na namba kama zile nyingine. Unasimamisha saa, unanyoosha mkono, na mchezo umeisha. Sheria za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu, hazina maneno mengi hapo: mchezaji akitangaza kwamba amekubali kushindwa, mpinzani wake ameshinda papo hapo. Hakuna anayeuliza kama kweli alikuwa ameshindwa. Sheria inaliacha swali hilo nje ya mlango, na mimi nataka tulikaribishe ndani tulipe kiti.

Ukijua kwamba mwenzako amekubali kushindwa na hajashindwa, una deni gani kwake?

Kabla hujasema "hakuna deni, mchezo ni mchezo," kumbuka kwamba jambo hili limewahi kumpata bingwa wa dunia. Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov alicheza michezo sita na Deep Blue, kompyuta ya IBM. Wa kwanza alishinda. Wa pili alibanwa, akachoka, akakubali kushindwa. Muda si muda wachambuzi wakatokea na njia ambayo, kwa hesabu zao, ingempa sare. Watu wa upande wake wakamwambia. Kasparov hakuwa mtu wa kukata tamaa ovyo, kwa hiyo habari ile ilimwingia kama mwiba. Michezo mitatu iliyofuata ikawa sare, wa mwisho akapoteza upesi sana, na kompyuta ikachukua ushindi kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Wapo wanaosema kilichomuumiza zaidi si mchezo wa pili wenyewe. Ni kuambiwa habari zake wakati mashindano bado yanaendelea.

Mimi si Kasparov, na Isiolo si New York. Lakini nilikaa upande wa pili wa meza ya namna hiyo. Mashindano yalikuwa madogo, ukumbi wa shule, meza za plastiki, upepo wetu wa mchana ukipiga mabati mpaka unadhani kuna mtu juu ya paa. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa kidato cha pili aliyetoka upande wa Garbatulla, mpole, anayeandika kila hatua kwa mwandiko safi kuliko wangu. Nilikuwa na kete nyeupe.

Hebu tuutazame mwisho wa mchezo ule hatua kwa hatua. Hauhitaji utaalamu. Kete zilikuwa zimebaki saba tu. Mimi: mfalme d4, askofu g4, askari wawili, mmoja b4 na mwingine h5. Yeye: mfalme g7, farasi e7, askari mmoja c4. Ilikuwa zamu yake.

Hatua ya 46, yake: farasi kwenda c6, cheki. Hii ni hatua nzuri sana. Askari wake wa c4 alikuwa karibu kuliwa na mfalme wangu, hakuna wa kumlinda. Badala ya kumlilia, kijana akamruka mfalme wangu kwa farasi, na farasi huyohuyo sasa anamlenga askari wangu wa b4. Kwa hatua moja alifanya kazi mbili.

Hatua ya 47, yangu: mfalme anakula c4. Nimetoka kwenye cheki, nimeongeza askari, na b4 sasa analindwa na mfalme. Kwa macho ya mpita njia, mambo yameisha. Nina askofu na askari wawili, mmoja kila upande wa ubao. Yeye ana farasi peke yake. Farasi mmoja hawezi kuchunga pande mbili, sawa na mchungaji mmoja na mbuzi walioenda huku na kule.

Hatua ya 47, yake: alifikiri karibu dakika mbili. Akatazama askari wangu wa kushoto, akatazama wa kulia. Akasimamisha saa. Akanyoosha mkono.

Na hapa ndipo penye jambo. Alikuwa na sare mkononi. Farasi ale b4. Basi. Mfalme wangu akimla farasi, nabaki na askofu na askari mmoja, yule wa h5, dhidi ya mfalme mtupu. Inaonekana ni mauaji, lakini si mauaji. Askari wa h lazima afike h8 ili awe malkia, na h8 ni mraba mweusi. Askofu wangu anatembea kwenye miraba myeupe peke yake. Mfalme wa kijana anaingia kwenye kona ile, anakaa, na hakuna nguvu ninayoweza kuleta ya kumtoa. Naweza kuzunguka mpaka asubuhi. Na nisipomla farasi? Askari wa b4 ameshaenda, kona bado ni yake. Sare vilevile. Nisingemla c4, ningesogeza mfalme kwingine, bado angekula b4. Tangu ile cheki ya hatua ya 46, hakuna nilichoweza kucheza ambacho kingenipa ushindi.

Hili si suala la maoni. Tangu 2018 ipo hifadhi inayoitwa Syzygy yenye jibu kamili la mikao ya kete saba kushuka chini, na ukiwa na bando unaifungua bure kwenye Lichess. Haikisii kama programu nyingine. Inajua. Ukiiwekea mkao wa kijana yule inasema: sare.

Mimi sikuhitaji simu. Kona ya rangi isiyo ya askofu ni somo la zamani, nililifundishwa nikiwa mdogo, na nilikuwa nimeliona pale mezani tangu farasi alipotua c6. Nilikuwa nasubiri kuona kama naye ameliona. Alipotoa mkono, niliupokea.

Rafiki yangu aliyekuwa anatazama aliniambia baadaye, "Ulinyamaza tu hivyo, bana?" Swali la haki. Tulijibu.

Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaweka kisa ambacho ukikisoma Isiolo utadhani kiliandikwa sokoni kwetu. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na shehena ya nafaka kuelekea kisiwa cha Rhodes, ambako kuna njaa na bei imepanda. Njiani ameona meli nyingine nyingi za nafaka zinakuja nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke? Au anyamaze, auze ghali? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema: muuzaji ataje kasoro za bidhaa kama sheria inavyotaka, asidanganye, yaliyobaki ni biashara, kutosema si kuficha. Antipater anasema: wewe ni binadamu kati ya binadamu, faida yao ni faida yako, utawezaje kukaa kimya? Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater.

Akina mama wa hapa kwetu wanaopeleka maziwa ya ngamia mpaka Eastleigh wanalijua swali hili bila kumsoma Cicero. Mtungi ukishafungwa, mnunuzi wa Nairobi haoni ndani. Anachonunua ni maziwa pamoja na neno lako. Ukinyamaza kuhusu mtungi ulioanza kuharibika, hujanyamaza tu, umemuuzia kimya chako.

Sasa, kimya changu kwenye ubao kilikuwa cha namna hiyo? Nasema hapana. Meli za Rhodes zilikuwa nyuma ya upeo wa macho. Mtungi una kifuniko. Ubao wa sataranji hauna kifuniko. Kila nilichokuwa nacho alikiona, na kila alichokuwa nacho nilikiona. Zaidi ya hapo, kusema kungekuwa kuvunja sheria: mchezo ukiendelea hupewi ushauri na mtu yeyote, sembuse na mpinzani. Mashindano ni makubaliano ya watu wawili kwamba kwa muda fulani kila mmoja atategemea kichwa chake. Ningemnong'oneza "kula b4," ningekuwa nimemwambia kwamba simhesabu kama mchezaji.

Lakini nisijipitishe kwa urahisi. Kuna pingamizi hapa, na lina meno. Ubao uko wazi, sawa, ila ujuzi hauko wazi. Ngamia sokoni naye amesimama hadharani, kila mtu anamwona, lakini anayejua kusoma meno na nundu anaona ngamia mmoja, na asiyejua anaona mwingine. Kijana yule hakuwahi kuambiwa na mtu habari za kona ya h8. Kwake yeye ule mraba mweusi ulikuwa na kifuniko. Uwazi gani huo ambao nusu ya watu hawawezi kuusoma?

Nimelifikiria hili sana, na jibu langu ni hili: mashindano ni kupima ujuzi hasa. Ukiondoa tofauti ya kujua, hakuna cha kupima, tubaki tukirusha sarafu. Tofauti ya kujua ndani ya mchezo si dhuluma. Lakini angalia vizuri, sababu hii ina mwisho. Inaishi muda uleule ambao saa inatembea. Saa ikisimama, kile kilichohalalisha kimya changu kimekufa, na nikiendelea kunyamaza inabidi nitafute sababu mpya.

Sababu mpya zipo, na watu walinipa kadhaa palepale nje, penye kivuli. Wa kwanza: "Utamvunja moyo. Saa hii amekubali kwamba ulimzidi, ana amani yake. Ya nini kumwambia alitupa nusu pointi?" Wa pili, mzee mmoja mwenye busara zake, akasema polepole, "Kijana wangu, kuna ukweli ambao ni wa kujionyesha." Alimaanisha: unataka kumwambia ili ajue kwamba wewe uliona na yeye hakuona.

Neno la mzee linahitaji heshima, kwa hiyo nianze nalo. Ni kweli kwamba kuchambua mchezo ni mahali pazuri sana pa kujisifu. Unaketi na simu, programu inakuonyesha kila kitu, ghafla hatua ambazo watu walizitafuta kwa jasho zinaonekana rahisi kama kumeza mate. "Ulikosaje kuona hii?" Anayesema hivyo amesahau kwamba mtu alikuwa kwenye hatua ya 47, mgongo unauma, dakika zinakwisha. Lakini kipo kipimo kidogo cha kujua kama ukweli ni wa kujionyesha: unamgharimu nani? Ukweli huu ulikuwa unanigharimu mimi. Kabla ya kuusema, nilikuwa nimemshinda mtu. Baada ya kuusema, nilikuwa nimepokea mkono wa mtu ambaye hajashindwa. Ushindi wangu ulipungua mbele ya kila aliyesikia.

Hoja ya amani ni ngumu zaidi. Amani gani hasa? Tazama hadithi mbili ambazo kijana angeweza kwenda nazo nyumbani. Ya kwanza: "Nilicheza na mtu mwenye nguvu, nikazidiwa." Ya pili: "Nilitafuta njia nikaipata, nikasimama hatua moja kabla ya mlango." Ya pili inauma zaidi, sikatai. Lakini ya kwanza ni ya uongo, na uongo wenyewe una madhara. Unamfundisha kwamba ile cheki ya farasi haikuwa na maana, wakati ilikuwa ndiyo hatua bora ya mchezo mzima. Unamfundisha kuhesabu kete na kukata tamaa kwa hesabu. Kijana wa mjini mwenye kocha, kocha angemrekebishia jioni hiyohiyo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikuwa na Robert Katende wa kukaa naye juu ya ubao, ndipo akafika mashindano ya Olimpiadi ya sataranji. Asiye na kocha ana mwalimu mmoja tu: mtu aliyeketi mbele yake. Huyo akinyamaza, somo limepotea.

Na kuna jambo la ndani zaidi, ambalo ndilo lililonimaliza. Tunasema "nachambua mchezo wangu". Wangu kivipi? Hatua 47, na nusu ya mchezo ni yake. Cheki ile ni yake. Hata kile nilichokijua kuhusu kona ya h8, pale mezani kilikuwa habari ya mfalme wake, usalama wake. Kwenda nyumbani na ukweli huo mfukoni na kumwachia yeye nusu iliyoharibika, ni kama watu wawili wamelima shamba moja, halafu mmoja achukue ramani ya kisima. Mchezo uliokwisha si wa mshindi. Ni wa wote wawili, na ukweli wake pia.

Kwa hiyo nilikuwa na deni. Lakini deni la nini, na la kulipwa lini?

Si deni la pointi. Kuna aliyesema, nusu utani, kwamba kama nina roho nzuri nikamwambie mwamuzi iandikwe sare. Sikubaliani. Kijana aliamua. Uamuzi wake haukulazimishwa, hakudanganywa, alikuwa na dakika zake. Kuurudisha nyuma ni kumwambia kwamba uamuzi wake hauhesabiki kama wa mtu mzima. Ukimheshimu mtu, unayaacha matokeo ya alichoamua yasimame, halafu unampa alichohitaji ili kesho aamue vizuri zaidi.

Na lini? Hapo Kasparov ananisaidia. Kulikuwa bado na raundi mbili. Kumwambia saa ile kungekuwa kumpeleka kwenye meza inayofuata akiwa na mwiba. Nilimwambia kitu kimoja tu: "Usiondoke leo kabla hatujaonana." Raundi ya mwisho ilipoisha, na Probox ya kwenda kwao ikitafuta abiria, tukaupanga mkao kwenye meza ya pembeni.

Sikumwonyesha. Nilimuuliza, "Hapa, kama usingetoa mkono, farasi angeenda wapi?" Akatazama. Akajaribu huku, akajaribu kule. Akashika farasi, akala b4, akaniangalia kama aliyevunja kikombe. Nikamla. "Sasa mfalme wako." Akaenda kona. Nikamleta askari, nikaleta mfalme, nikaleta askofu. Akaenda na kurudi, h8, g8, h8. Kisha akanyamaza muda mrefu.

"Kwa hivyo kaka, sikuwa nimeshindwa?"

"Hukuwa. Ulishindwa ulipotoa mkono."

Hakutabasamu, wala sikutaka atabasamu. Aliandika mkao ule nyuma ya karatasi yake, kwa mwandiko uleule safi, akapiga mstari chini ya h8.

Naona somo hili linavuka ubao, lakini si kwa njia ya "usikate tamaa" ya kwenye mabango. Wakati mwingine kukubali ni sawa. Kuna mikao iliyokufa, na kumkalisha mtu mezani saa nzima bila matumaini si ujasiri. Somo ninaloliona ni kuhusu kimya, na ni nani mwenye ruhusa ya kuwa nacho.

Mpinzani anaruhusiwa kunyamaza saa ikitembea, kwa sababu yeye na wewe mmekubaliana kupimana. Lakini maisha yetu mengi si mashindano, ingawa wapo wanaoyaendesha hivyo. Kwa miaka mingi vijana wa kaskazini walipitia msasa wa ziada kupata kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza kuuondoa. Fikiria kijana yeyote kwenye foleni ya namna hiyo, aliyehesabu karatasi zake, akaona hazitoshi, akageuka kwenda nyumbani. Na karani aliye dirishani anajua kuna njia, anajua ni karatasi ipi inayoweza kuchukua nafasi ya ipi, na ananyamaza. Karani huyo hana haki ya kimya changu. Hakuna saa kati yao. Hakuna mchezo. Yeye si mpinzani wa kijana, ingawa amezoea kuketi kama mpinzani. Hali kadhalika daktari, mwalimu wa chuo, mzazi mwenye hati za shamba sandukuni. Wengi wetu tunanyamaza kwa visingizio vya mchezaji pale ambapo hatukuwekwa tucheze.

Basi kabla ya kusema "hakuniuliza", jiulize swali dogo: mimi na huyu, tunapimana? Kama ndiyo, nyamaza, cheza, shinda ukiweza. Saa ikisimama, panga kete upya umwonyeshe. Na kama hampimani, umekuwa ukisubiri nini?